Kodi Isiyodaiwa na Mtu

Tottenham, London
Jumapili, baada ya misa

Wifi yangu Placida,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini heshima yako ni yako hata ukinichukia, kwa hiyo nakuamkia, na marahaba yako nitaisubiri. Magoti yanaendeleaje na mvua hizi za vuli? Jovin amemaliza mtihani salama? Na ile migomba ya upande wa barabarani, mnyauko umeiachia au mmeishia kuing'oa? Sisi huku wazima wa mwili. Baridi imeanza, saa kumi jioni giza limeshaingia, na Tatiana amekua mpaka viatu vyangu vinamtosha. Anakusalimu shangazi yake, ingawa salamu zake ni za Kiingereza. Kiswahili anakisikia vizuri, hasa ukitaja chapati, ila kujibu anajibu kwa lugha ya shuleni kwao.

Utashangaa kuona karatasi zama hizi. Sina njia nyingine. Tangu mwezi wa sita umetufungia simu, mimi na mdogo wako, na namba yoyote ngeni ya Uingereza huipokei. Barua hii anakuletea Alka, binti wa bibi ninayemtunza. Bibi mwenyewe, Mama Bhanu, alizaliwa hapo hapo Bukoba mjini, baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na Alka anakuja kuiona nyumba hiyo kabla haijabomolewa. Nimemwomba aiweke mkononi mwako wewe, asimwachie katekista wala jirani. Mkaribishe chai, tafadhali. Yeye hana kosa lolote.

Nakuomba isome mpaka mwisho kabla hujaitia jikoni. Nimesikia kwa watu wa parokia kwamba baada ya Krismasi ukoo utakaa, na jina la mume wangu Deusdedit litatolewa kwenye kibanja, kile kipande chake kando ya kaburi la Mama apewe baba mdogo. Hicho kikao ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Matusi yako ningeyameza, nina koo pana. Lakini mtu kunyimwa mahali pa kuzikwa kando ya mama yake kwa kosa ambalo si lake, hilo sikuweza kulilalia.

Kwanza nikueleze habari za ndugu yako, maana najua unataka kuzijua na hutaki kuuliza. Amekonda. Basi bado anaendesha, zamu zake hakosi, ila akirudi anakaa upande wa kitanda na koti lake la kazi mwilini, mpaka nimkumbushe kulivua. Wimbo alioupenda kuimba akinyoa ndevu siusikii tena. Jumapili anakaa kiti cha nyuma kabisa kanisani na komunyo haendi kupokea. Watu wa jumuiya wamenihoji, nimewaambia ni mgongo.

Siku ya kumzika Mama hukuiona upande wetu, acha nikuonyeshe. Nauli hatukuwa nayo, kila tulichopata kilikuwa kimekuja huko hospitali. Basi Deus alivaa suti, ile ya harusi, akafunga na tai, akaisimamisha simu kwenye mkebe wa sukari jikoni, akasimama mbele yake saa zote za misa kana kwamba padre anamwona. Mlipofika kaburini mtandao ukakatikakatika. Picha ikarudi wakati wewe unarusha udongo, na tukakuona ukiinama tena na kurusha mara ya pili. Deus akaniuliza kama nimeona. Akasema, dada amenirushia na mimi. Kisha akaenda kwenye ile ndoo tuliyopanda mchicha hapo kibarazani, akachota udongo kwenye kiganja, akarudi, na hakujua autupe wapi. Alikaa nao mkononi mpaka mlipomaliza kuimba. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, wifi. Nilikuwa naijua siri niliyo nayo, na nilinyamaza.

Sasa turudi kwenye aliyokuambia mwezi wa sita. Alikuambia kwamba alicheza mikeka ya mpira, mmoja ukatiki, akapata pesa nyingi, akazificha benki asimwambie mtu, hata mimi mkewe. Alikuambia Mama aliumwa mpaka akafa pesa zikiwa zimelala, kwa sababu aliogopa kuzigusa kabla kodi ya serikali haijakatwa. Ulimjibu kwamba hata mtoto wa chekechea angetunga uongo mzuri zaidi. Ukamwambia ulimfukuza mume wako mwenyewe kwa mikeka, wewe mwanamke wa Kihaya mwenye watoto, sembuse ndugu. Ukamwambia asikanyage hapo hata kwa jeneza.

Sikulaumu. Niliyaona mwenyewe aliyokufanyia Baba Jovin. Niliiona nafasi ilipokuwa cherehani yako aliyoiuza, miguu yake imebaki alama nne kwenye sakafu. Na unakumbuka kikao kile alichowekwa kati? Mimi ndiye niliyesema kuliko wote. Nilikuwa likizo, mwenyekiti wa WAWATA, umoja wa akina mama Wakatoliki, wa Watanzania wa huku, nimevaa kitenge kipya, nikamwambia mbele ya wazee kwamba mcheza kamari ni mwizi anayeibia nyumba yake, tena mchana. Mkanipigia vigelegele. Wewe ulilia, ukanikumbatia, ukasema Deus aliokota dhahabu.

Ile habari ya kodi uliyoicheka ni kweli, Placida. Katika yote aliyokuambia Deus, ndiyo ya kweli peke yake.

Nikueleze ilivyokuwa. Kazi yangu unaijua, kutunza wazee majumbani mwao. Asubuhi napanda treni ya Victoria, nabadilisha ya Jubilee, nashuka Queensbury, namwogesha Mama Bhanu, namvalisha, namlisha. Ana miaka themanini na ushee, na Kiswahili chake ni cha Bukoba ya zamani, ananiita mwanamwali. Mwanawe Nitin anaishi naye. Huyo ni mhasibu, kazi yake ni kodi za watu, hasa wageni wenye hesabu ngumu. Kila asubuhi ananywa chai kwenye meza ile ile ninayomlishia mama yake, simu sikioni, mkate mdomoni.

Mama Bhanu ana starehe moja tu iliyobaki duniani, nayo ni bingo. Wewe huijui. Ni ukumbi mkubwa, mtu anasoma namba kwenye kipaza sauti, ninyi mnazifuta kwenye karatasi zenu, atakayemaliza wa kwanza anapiga kelele. Waliojaa humo ni vibibi vya Kizungu na Kihindi, chai na keki mezani. Kila Jumatano kumpeleka na kumrudisha ni sehemu ya kazi yangu. Mwanzo nilikaa tu nikisali rozari. Baadaye akaanza kuninunulia karatasi yangu, akisema kucheza peke yake ni sawa na kula peke yake. Mtu mzima akikuambia hivyo utakataaje? Nikajidanganya kwamba kamari ni ile ya Baba Jovin, ya wanaume kwenye vibanda na macho mekundu. Hii ni vibibi na keki. Baada ya miezi miwili karatasi nilikuwa nanunua mwenyewe.

Deus hajawahi kubeti maishani mwake, wifi. Hata pale kazini wanapochanga kubahatisha nani atachukua kombe, hatoi. Aliyecheza ni mimi. Aliyeshinda ni mimi. Pesa zilikuwa benki kwa jina langu.

Pumzika kidogo kama unahitaji. Mimi nimepumzika hapa, nimekwenda kuchemsha maji ambayo sikuyanywa.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka jana. Namba ya mwisho iliposomwa ilikuwa yangu, na Mama Bhanu ndiye aliyepiga meza kwa mkongojo wake akisema mwanamwali umelamba dume. Ukumbi mzima ukageuka. Kumbe siku ile mchezo ulikuwa umeunganishwa nchi nzima, na zawadi yake ilikuwa pauni elfu ishirini na moja. Bibi mmoja Mwingereza wa meza ya jirani alinishika mkono akaniambia zote ni zangu, hapa serikali haigusi pesa ya bahati. Nikamshukuru, na moyoni nikasema hayo ni ya kwenu wenye nchi. Mgeni hapa analipia mambo ambayo mwenyeji hajui hata kama yana bei. Wewe tu ungeona tunavyolipia vibali.

Pesa zikaingia benki kamili, bila kupungua hata senti, na hapo ndipo hofu iliponiingia. Unakumbuka mkeka wa Baba Jovin ulipotiki ile mara moja, alivyolalamika wiki nzima kwamba serikali imekata chake kabla yeye hajashika? Mimi kodi ya ushindi nilijifunzia kwake. Kwetu wanakata kabla. Hawa hawakukata. Basi, nikasema, hawa watakuja kudai baadaye, na watakuja na faini.

Wiki ile ile namlisha Mama Bhanu uji, Nitin anaongea na mteja kwenye simu. Nikamsikia kwa masikio yangu akimwambia kwamba kuishi London hakumwokoi, ameshinda kwenye kasino, ni lazima atangaze na alipe, na akificha adhabu itakuwa kubwa kuliko kodi yenyewe. Nilisikia neno London, nikasikia kushinda, nikasikia adhabu. Sikuhitaji zaidi. Kwangu mimi hiyo ilikuwa sheria ya kila mgeni anayeishi hapa, na mwaka ujao tunaomba kibali cha kudumu. Niliona kabisa siku ya kuhojiwa, Deus na Tatiana wamekaa pembeni yangu, maofisa wananifungulia faili na kuniuliza kodi ya bingo iko wapi.

Utasema, si ungemuuliza? Mtu mwenyewe mhasibu, hatua mbili kutoka kwako, kila siku ya Mungu. Ndiyo, ningemuuliza. Lakini kuuliza ni kusema, Nitin angemwambia ndugu yake Alka, naye Alka anasali rozari nami kwa kupenda nyimbo tu, anawajua akina mama wa jumuiya yetu, anawapikia bajia kila tamasha. Neno lingetoka Queensbury likafika Tottenham kabla yangu. Kutoka Tottenham lingefika Bukoba, kwako. Mwenyekiti wa WAWATA, yule aliyemwita Baba Jovin mwizi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha uchi wangu, na nitakuambia kilichokufa.

Deus sikumwambia kwa sababu Deus hawezi kukuficha wewe kitu. Tena nilimjua, angezituma zote siku hiyo hiyo, halafu serikali ikija tungelipa na nini? Nikajiwekea amri kwamba sigusi hata pauni moja mpaka barua ya kodi ije, nijue chao na changu, kisha nitoe changu kwa mikono safi. Huku mwaka wa kodi unaisha mwanzoni mwa Aprili. Barua za serikali zinakuja kwenye bahasha ya kahawia. Nikaanza kuingoja bahasha hiyo. Nilikuwa nikitoka kazini naangalia chini ya mlango kabla sijavua kiatu.

Krismasi Mama akaanguka. Figo. Mkatuambia mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, na mchango wa watoto wote ukitosha mara mbili, kisha mara moja na nusu kama mlivyokuwa mkitania kwa uchungu. Deus akachukua zamu za ziada mpaka macho yakavimba. Mimi nikaongeza bibi mwingine wa jioni. Kila pauni halali ya jasho tuliituma, hilo Mungu analijua na risiti unazo. Na ulipopiga Januari ukaniuliza hakuna hata cha kukopa huko kwa Wazungu, nikakujibu wifi, hatuna. Nilikujibu haraka, kama mtu aliyekuwa amelishika neno mdomoni. Nilijiambia si uongo. Pesa zile zilikuwa za serikali bado. Nilijiambia Aprili si mbali.

Mama alikufa Machi.

Aprili ikapita. Bahasha haikuja. Mei nikaamka siku moja nikaona siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, nikamuuliza Nitin. Nilisema nina rafiki, Mtanzania, ameshinda bingo, anataka kujua kodi ni kiasi gani kwa mgeni. Alikuwa anatafuta funguo za gari. Akaniambia bila hata kugeuka kwamba hakuna. Mchezaji hapa halipi kodi ya alichoshinda, awe mwenyeji au mgeni, wanaolipa ni wenye ukumbi. Nikamwambia, lakini nilikusikia na yule mtu wa kasino. Akacheka, akasema yule ni Mmarekani. Wamarekani serikali yao inawafuata popote walipo duniani, ashindie hapa ashindie mwezini, anadaiwa kwao. Rafiki yako mwambie ale pesa zake kwa raha. Akazipata funguo chini ya gazeti, akaondoka.

Nilisimama na sahani ya Mama Bhanu. Niliiosha, nikaikausha, nikaiosha tena. Mama Bhanu akaniuliza mwanamwali mbona unalia. Nikamwambia ni kitunguu, na kitunguu hakikuwapo.

Nilimwambia Deus siku hiyo hiyo. Sikuweza hata kuvua koti. Alinisikiliza akiwa amesimama. Hakunipiga, hakupaza sauti, na kwa kweli ningependa angepaza. Aliniuliza swali moja tu, kama siku ile ya udongo nilikuwa najua. Nikasema ndiyo. Akatoka kwenda kibarazani kwenye ndoo ya mchicha akakaa huko.

Ilimchukua wiki kadhaa. Kisha siku moja akaniambia ataongea na wewe, kwa sababu siri ya namna hii haiwezi kukaa nyumba moja na mtoto. Nikamwambia nitaongea mwenyewe. Akakataa. Aliniambia, wewe Adelina ni wifi kwao, ukikosea hivi hawatakusamehe mpaka kaburini, na Tatiana wataanza kumwangalia kama mtoto wa mwanamke aliyemuua bibi yake. Mimi ni damu. Nitatukanwa, nitafukuzwa, halafu dada atanisamehe. Ndivyo alivyosema. Alikupigia akiwa ameketi chooni ili Tatiana asisikie, na mimi nikasimama nje ya mlango nikamsikia akijivika kosa langu neno kwa neno, mkeka, mpira, na maneno akiyachanganya kwa sababu hata namna ya kubeti haijui. Nikamwacha. Hilo nalo liandike kwangu.

Alijidanganya kuhusu msamaha wako, na mimi najua kwa nini. Angesema ameiba, ungemsamehe. Alisema kamari. Pale alikukanyaga kwenye kidonda cha Baba Jovin na hakukiona.

Usifikiri amenisamehe. Aliinusuru heshima yangu na kuninyima maneno. Tunaongea kwa kupitia mtoto. Anamwambia Tatiana, mwambie mama yako chakula kipo, na Tatiana ananiangalia mimi niliye hatua moja kutoka kwao, ananitafsiria kwa Kiingereza kile nilichokwisha sikia kwa Kiswahili. Juzi aliniuliza kama tunaachana. Nikamwambia kula.

Limebaki moja, na hili hata Deus halijui. Nililiacha la mwisho kwa woga.

Wewe unaamini Mama alichoka. Umewaambia watu wote kwamba katikati ya Februari alikataa mwenyewe kurudi kwenye mashine, akasema imetosha, Mungu anamwita, nanyi mkamheshimu kwa kuwa ni mtu mzima. Placida, Mama hakuchoka. Siku mbili kabla ya kukataa alinipigia mimi, kwa simu ya nesi. Hakumpigia Deus kwa sababu hakutaka kumliza. Aliniambia amesikia wewe umeanza kutafuta mteja wa shamba la kahawa, lile ulilobakiwa nalo la kusomeshea Jovin, na hataki ulale njaa kwa ajili ya figo za kizee. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayeazima chumvi, kama mimi na Deus tuna kidogo tulichoweka akiba, hata cha mwezi mmoja, ili wewe usiuze. Alisema kama hakipo nisijisumbue.

Nilimwambia, Mama, hatuna.

Akasema basi, mwanangu, asante kwa kuniambia kweli. Hivyo hivyo. Akauliza Tatiana amefika darasa la ngapi. Akasema ametutumia kahawa ya kutafuna kwa mtu anayesafiri, tutafune tukimkumbuka. Akakata. Siku mbili baadaye mkaniambia amekataa mashine, na nikajua, na nikaendelea kuangalia chini ya mlango.

Shamba lako bado unalo. Mama ndiye aliyekuachia.

Sikutumi pesa ndani ya barua hii. Ningezituma ungesema nanunua msamaha, na ungekuwa na haki. Ziko pale pale, hakuna anayezigusa, Deus hataki hata kuzisikia. Ninyi mkiamua ni za Jovin, au za kujengea kaburi, au mzitupe ziwani, mtatuma neno nami nitatii. Serikali niliyoingoja miezi yote ile haikunidai hata senti moja. Aliyenidai alikuwa Mama, na nikamwambia hatuna.

Ninachokuomba ni hiki. Siku ya kikao isome barua hii mbele ya ukoo, yote, hata ya bingo, hata ya kitenge changu kipya. Na Baba Jovin kama yuko karibu mwite asikie, naye ana haki ya kunicheka. Jina langu futeni popote mtakapolikuta. La Deus liacheni. Ulimrushia Mama udongo mara mbili mbele ya watu, ule wa pili ulikuwa wa Deus. Usimnyang'anye mahali ulipouangusha. Namba yake hajabadilisha, na simu hailali mbali naye.

Nisalimie Jovin, mwambie asome. Nisalimie baba mdogo, wala simlaumu kwa kukitamani kipande. Ukipita kaburini usimwambie Mama kitu kwa niaba yangu, nitamwambia mwenyewe siku yangu ikifika. Kahawa yake ilitufikia wiki moja baada ya kumzika. Deus hajaitafuna hata moja, na mimi sina uso wa kuitia mdomoni. Ndani ya bahasha nimekurudishia tunda moja, halijapasuliwa. Unajua mwenyewe ndani mna punje mbili, zile wanazogawana wazee wakiapiana undugu. Moja ni yako, moja ni ya ndugu yako. Tunda la pili, la kwangu, sikuweka.

Nakuamkia tena, shikamoo.

Adelina